Pesa ya Mizani

Nimempelekea Fundi Msabah, Chake Chake,
imefungwa ndani ya kipande cha kanga
fundo mbili, kama dawa.
Hakuniuliza nataka ngapi.
Aliinusa kwanza.
"Umeiosha," akasema,
na mimi niliyekesha na ukwaju na majivu
nikiisugua ing'are kama sufuria ya arusi
nikaitikia kwa fahari ya mjinga.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira.
Akaleta sumaku; sumaku ikapita kando
kama jirani tuliyenuniana naye.
Akaidondosha juu ya marumaru:
haikulia kilio cha bati,
ilitoa neno moja, fupi, nene, likakaa.
Akaiweka kwenye kimizani cha dhahabu,
tarakimu nyekundu zikahangaika, zikatulia.
"Imepungua," akasema, "lakini imepungua kwa haki.
Ya bandia huzaliwa na uzito wa uwongo
na hufa nao."

Kisha kioo cha jichoni. Kimya.
Nje mtu ananadi mabungo;
ndani jicho la Fundi, kubwa kama la ng'ombe,
linatembea ukingoni mwa shaba.
"Huku kuna mizani, naiona,
vitanga viwili, na mwaka chini yake,
elfu na mia mbili tisini na kitu.
Hicho kitu umekisugua wewe.
Lakini huku, tazama, hakuna hata herufi.
Pesa iliyozunguka masokoni hulika pande zote,
mikono haichagui.
Hii imelika upande mmoja.
Ilikuwa imelala wapi?"

Ningemwambia nini?
Kwamba mama yetu, Mize binti Khatibu, wa Kengeja,
alikuwa na charahani ya miguu, mguu mmoja mfupi,
juu ya saruji iliyomwagwa na mtu mwenye haraka,
akaitia ile pesa chini ya mguu,
maandishi chini, mizani juu,
akashona miaka arubaini:
kanzu za Idi, sare za skuli,
mapazia ya watu wasiolipa mpaka wakumbushwe.
Kila akikanyaga, sakafu ikasoma herufi
ikaifuta.
Ada zetu zote zimetoka kwenye mtikisiko ule.

"Ni ya kweli," akasema Fundi Msabah.
"Ungeniletea nyeusi kama ilivyokuwa
ningekupa cha kununulia mbuzi.
Ule weusi ndio uliokuwa ukisema.
Wewe umemkata shahidi ulimi
ukaniletea amevaa vizuri.
Elfu kumi na mbili.
Na hiyo ni kwa heshima ya mizani."

Nikazigawa kichwani, hapo hapo, kwa sheria:
Shaame sita, Zuleha tatu, mimi tatu.
Tatu: nauli ya kurudi, na mabungo mawili matatu
yaliyobonyea.
Nikaifunga tena. Fundo moja tu sasa.

Nyumbani Zuleha alikuwa anagombana na uzi.
Wiki nzima charahani inayumba,
kipande cha boksi alichokitia kimelowa, kimelegea,
na sketi ya mtoto wa watu
ina mshono kama njia ya mlevi.
"Inuka," nikamwambia.
Nikaisukuma charahani kwa bega, nikapiga magoti.
Saruji ilikuwa na kishimo chake, duara,
kimeisubiri.
Nikasita: upande upi juu?
Nikaweka mizani juu, kama alivyoiweka mwenyewe,
pale ambapo hakuna mnunuzi atakayeiona
na chuma kizima kinaiegemea.

Zuleha akakanyaga.
Haikuyumba.
Akakanyaga tena, kwa kasi, kama anayeitafuta ila,
akanyamaza, akaendelea kushona.

Magharibi Shaame akapiga simu kutoka Unguja.
"Ni ya kweli?"
"Ya kweli."
"Imefika ngapi?"
"Imefika sakafuni."
Nikamsikia anavuta pumzi ya ugomvi,
kisha, nyuma yangu, akaisikia charahani
ikienda sawa, ikienda sawa.
Akakaa kimya muda.
"Na Fundi kasema nini tena?"
Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka ukwaju.
"Kasema tusiioshe."